Kuokota maganda ya risasi kwenye uwanja wa shabaha: ni mali ya nani, na yasafishwe vipi nyumbani penye watoto?

Msafiri wa Mbeya (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Mimi ni mwenyeji wa Mbeya, na huu ni mwaka wa nne tangu nihamie jimbo la Arizona pamoja na mke wangu na watoto wetu wawili. Mkubwa ana miaka saba na mdogo anakaribia miaka miwili. Nina kadi ya ukaazi wa kudumu. Mfanyakazi mwenzangu alinialika kwenye klabu yake ya kulenga shabaha, ambayo uwanja wake uko wazi, nje kidogo ya mji, nami baada ya kupitia mafunzo ya usalama nimekuwa nikienda naye karibu kila Jumamosi alfajiri, kabla jua la jangwani halijawa kali.

Kilichonivuta zaidi ni maganda. Watu wakimaliza kufyatua, ardhi ya nyuma ya mstari wa kufyatulia huwa imetapakaa maganda ya shaba ya njano kama punje za mahindi mahali palipopukuchuliwa gunia zima. Wengine huokota ya kwao, wengine huondoka na kuyaacha. Jumamosi iliyopita mwenzangu aliniambia nichukue ninachotaka, nikaokota kwa mkono kwa muda wa saa nzima hadi mgongo ukauma, na nilipofika nyumbani nikapima nikakuta karibu kilo nane, za kila aina na kila ukubwa, zikiwa zimechanganyika na changarawe.

Ningependa kujifunza kuyajaza upya yale yanayofaa, yaani kuyatia fataki (kile kidonge kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti), baruti na kichwa kipya, kwa sababu bei ya risasi mpya inaniumiza, na yasiyofaa niyauze kama chuma chakavu. Naomba mnisaidie kujua haya: maganda yaliyoachwa chini ni mali ya nani hasa, kuna njia gani ya kuyaokota isiyovunja mgongo, na nitayatambuaje yanayofaa na yasiyofaa. Kuhusu kuyasafisha, nilimwona mtu akiyatia kwenye foronya na kuyazungusha katika mashine ya kufulia nguo, kisha akayakausha kwenye oveni, nami nilikuwa naazimia kufanya hivyo hivyo Jumapili hii.

Jambo la mwisho ni kwamba shemeji yangu, anayesoma chuo hapa Marekani kwa viza ya mwanafunzi, atakuja kwetu wakati wa likizo. Nilitaka twende naye anisaidie kuokota, na yeye ameomba apewe maganda machache ayatengeneze vishikio vya funguo awapelekee ndugu nyumbani. Natanguliza shukrani.

Fundi wa Mashine

Ndugu yangu, karibu. Mimi ni Mkenya ninayeishi Texas, nimekereza vyuma kwa miaka mingi, na maganda nimekuwa nikiyaokota na kuyajaza upya tangu mwaka 2008. Nitajibu yale ninayoyajua kwa mikono yangu, mengine nawaachia wenzangu.

Nianze na mali. Ruhusa ya mwenzako si ruhusa ya klabu. Kuna viwanja ambavyo kanuni yake ni kwamba ganda likigusa ardhi ni la klabu, na klabu huyauza ili ipate fedha za kukarabati mbao za shabaha na tuta la udongo linalozuia risasi; vipo vinavyokuruhusu kuchukua yaliyotoka kwenye bunduki yako tu; na vipo visivyojali. Soma ubao wa kanuni pale langoni, na kama hausemi kitu, muulize msimamizi wa uwanja kabla hujabeba ndoo nyingine. Ukiwa kwenye ardhi ya umma ambako kulenga shabaha kunaruhusiwa, huko jangwani kwenu ziko nyingi, mambo ni kinyume chake: maganda yaliyoachwa huhesabiwa kuwa takataka, na aliyefyatua ndiye anayepaswa kuyaondoa. Kuna na adabu ambayo haikuandikwa popote. Usiokote miguuni pa mtu anayeendelea kufyatua, kwa sababu wengi wetu huhesabu kila ganda limejazwa mara ngapi, na tukikosa matano tunajua.

Usiiname kamwe kabla msimamizi hajatangaza kwamba mstari umepoa, yaani silaha zote ziko tupu, chemba (mahali risasi inapokaa ndani ya silaha) ziko wazi, na hakuna anayezigusa. Usivuke mstari kufuata ganda lililorukia mbele, hata likiwa umbali wa hatua moja. Wala usiende kwenye tuta kuchimba vichwa vya risasi, kwa kuwa huko ndiko madini ya risasi, yale yenye sumu, yamelundikana. Kwa mgongo wako, nunua kile kikapu cha mviringo cha waya chenye mpini mrefu ambacho watu wa huku hutumia kuokotea jozi zilizodondoka bustanini. Ukikiviringisha, nyaya zinatanuka, ganda linaingia, nyaya zinarudi. Kwenye changarawe laini kinafanya kazi vizuri sana. Kwenye kokoto zenye ukubwa wa ganda kitakuletea kokoto pia. Njia iliyo bora kuliko hiyo ni kutandika turubai upande wa kulia wa benchi yako kabla hujaanza, kwa maana bunduki na bastola nyingi hutupa ganda kulia, kisha unakunja pembe nne na kumimina. Arizona kuna nge na nyoka wa njuga, kwa hiyo usitie mkono chini ya benchi wala kwenye nyasi bila kuangalia.

Sasa kuchambua, na hapa ndipo penye kazi. Kilo nane ulizonazo, kama zingekuwa zote za bastola ya milimita 9, zingekuwa takriban maganda 2,000, kwa sababu ganda moja lina karibu gramu 4. Yamimine mezani, pitisha sumaku. Yatakayonaswa ni ya chuma kilichopakwa rangi au plastiki, mengi yake yalitengenezwa Urusi na yalikuwa tele hapa hadi Marekani ilipozuia vibali vipya vya kuyaingiza mwaka 2021. Hayo weka kando, hayafai kujazwa. Yasiyonaswa lakini ni mepesi na ya kijivu kilichofifia ni ya alumini, nayo weka kando. Yanayobaki ni shaba ya njano, ambayo kwa maganda ni mchanganyiko wa shaba nyekundu asilimia 70 na zinki asilimia 30. Shaba hiyo ndiyo inayoweza kutanuka katika chemba, kurudi, kukazwa upya na kutumika tena.

Kisha geuza kitako. Yale madogo kabisa ya .22 (namba hizi zenye nukta ni kipimo cha unene wa risasi kwa sehemu ya inchi) hayana fataki katikati, kwa sababu dawa ya kuwasha imo ndani ya ukingo wa kitako, na ukingo ukishagongwa umeharibika; hayo ni ya chuma chakavu. Yenye fataki katikati, angalia ndani kwa tochi. Ukiona kitundu kimoja katikati, huo ni mtindo wa Boxer, unafaa. Ukiona vitundu viwili vidogo, ni mtindo wa Berdan, na ukijaribu kuisukuma fataki yake kwa kifaa cha kawaida utavunja sindano ya kifaa hicho. Jambo la ajabu katika historia ni kwamba Hiram Berdan alikuwa Mmarekani na Edward Boxer alikuwa Mwingereza, mitindo yao ikatokea miaka ile ile ya 1860, lakini Marekani ikashika wa Mwingereza na sehemu kubwa ya Ulaya ikashika wa Mmarekani.

Ukikuta herufi LC na tarakimu mbili, ganda limetoka kiwanda cha jeshi cha Lake City huko Independence, Missouri, na tarakimu ni mwaka. Ukikuta duara lenye msalaba ndani, ni kipimo cha NATO. Haya ni maganda mazuri, ila fataki yake imebanwa kwa mkunjo kuizunguka, na mkunjo huo lazima uondolewe kabla ya kutia fataki mpya. Mwaka 2009 Wizara ya Ulinzi iliamua maganda yake yasiuzwe tena kwa raia bila kupondwa, na watu wa kazi hii walishtuka mno. Maseneta wawili wa Montana, Max Baucus na Jon Tester, wakaandika barua ya kupinga, na uamuzi ukabatilishwa mwezi Machi mwaka huo huo. Nakumbuka jinsi tulivyofarijika.

Jihadhari na maganda yaliyoingiana. La milimita 9 huingia ndani ya la .40, na la .40 huingia ndani ya la .45; yakizungushwa hivyo katika mashine ya kusafishia yanabanana kiasi kwamba hayatoki, na la ndani hubaki chafu. Tena la .380 linafanana sana na la milimita 9, tofauti ni milimita mbili tu za urefu, 17 kwa 19, na jicho lililochoka halizioni. Soma kila kitako.

Mwisho, dosari. Tupa lenye ufa mdomoni, lenye kitambi karibu na kitako, na lile ambalo fataki yake imezungukwa na masizi yaliyovuja. Kwa maganda marefu ya bunduki, chukua waya mwembamba, ukunje ncha yake kama ndoana ndogo, uiingize ndani na uiburute polepole kutoka kitakoni kuelekea mdomoni. Ncha ikikwama kidogo kwenye kijifereji karibu na kitako, shaba imeanza kuachana hapo, na siku moja itakatika ndani ya chemba. Shinikizo la risasi ya milimita 9 huruhusiwa kufika pauni 35,000 kwa inchi ya mraba, na la .223 pauni 55,000, kwa hiyo ganda la bunduki ambalo hujui limefyatuliwa mara ngapi nakushauri uliuze. Anza na ya bastola, na usijaze hata moja kabla hujanunua kitabu cha vipimo kilichochapishwa na watengenezaji na kukisoma chote.

Kuhusu mashine ya kufulia na oveni, nakuomba usiguse hata kimoja kabla hujasoma majibu yatakayofuata.

Mama Riziki

Kaka wa Mbeya, nimesoma neno foronya na neno oveni, kisha nikasoma umri wa mtoto wako mdogo, nikaona siwezi kupita bila kuandika. Mimi ni mzaliwa wa Uvira, naishi Kentucky. Yaliyotupata sisi nitayaeleza jinsi yalivyokuwa.

Tulipofika Marekani kama wakimbizi, watoto walipimwa damu, na wadogo wakaambiwa warudi kupimwa tena baada ya miezi michache. Kipimo cha kwanza cha mwanangu wa mwisho kilikuwa kizuri. Cha pili, muuguzi akanipigia simu kupitia mkalimani, na mkalimani akasema, "Mama, damu ya mtoto ina risasi." Kaka yangu, mimi nimetoka mahali ambapo neno hilo lina maana moja tu. Nilimvua mtoto nguo zote nikamkagua kichwa mpaka vidole vya miguu nikitafuta jeraha. Ilichukua muda nielewe kwamba walikuwa wanasema madini, si kile kinachotoka kwenye bunduki. Kisha ikaja kubainika kwamba ni vyote viwili.

Shemeji yangu tuliyekuwa tukiishi naye alikuwa anaokota maganda kwenye uwanja wa wazi na kuyasafisha katika gereji yetu, kwa ile mashine inayotikisa maganda ndani ya magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Akimaliza, alikuwa akiyamwaga kwenye chekeche na kuyatikisa, vumbi likapanda, akapiga chafya, akafagia. Viatu vyake vilikaa mlangoni. Mtoto alikuwa anajifunza kutembea, na kila alichokigusa alikitia mdomoni. Kipimo kilikuwa mikrogramu 9 kwa desilita. Kiwango ambacho Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani hukitumia tangu mwaka 2021 kuonyesha kwamba mtoto amekutana na madini haya kupita wengine ni 3.5, na wanasema hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Watu wengi hudhani hatari imo katika kichwa cha risasi, na kwa kuwa ganda ni shaba, wanaona ni salama. Mtumishi wa afya aliyekuja nyumbani alinieleza kwa uvumilivu mkubwa, naye alitumia ganda moja kunionyesha. Ndani ya fataki za kawaida mna stifneti ya risasi, chumvi ya madini hayo, ambayo hulipuka sindano ya bunduki inapoigonga. Ikishaungua, masalio yake hubaki ndani ya ganda, yakaganda kama masizi meusi. Alipitisha kitambaa cheupe kilicholoa mdomoni mwa ganda, kikatoka cheusi tititi. Akasema weusi ule ndio ambao mashine ya magunzi huugeuza kuwa vumbi, na vumbi hilo halionekani likishatua.

Kwa hiyo foronya yako itaacha madini ndani ya mashine inayofua nguo za mtoto, na oveni yako ndiyo inayooka mkate wake. Usifanye. Kama ulishalala na ndoo hiyo ndani ya nyumba, itoe leo, ifunike, uiweke mahali ambapo mtoto hafiki.

Nitakwambia tunavyofanya sasa, maana shemeji hakuacha shughuli yake, aliibadilisha. Maganda husafishwa kwa maji, nje, katika pipa dogo linalozunguka lenye vijiti vidogo vya chuma kisichoshika kutu na sabuni ya vyombo, kwa sababu kilicholowa hakipeperuki. Maji yake meusi hayamwagwi kwenye bustani wala mahali watoto wanapocheza. Anayakusanya kwenye madumu na kuyapeleka siku ambayo kaunti hupokea taka hatari za majumbani. Maganda hukaushwa juani juu ya kitambaa ambacho hakina kazi nyingine. Kwenu Arizona jua hilo mnalo la kutosha. Nguo alizovaa uwanjani huvuliwa kabla ya kuingia ndani na kufuliwa peke yake, viatu hubaki ndani ya sanduku kwenye gari, na hamgusi mtoto mpaka ameoga na kuosha nywele. Huko uwanjani hali kitu wala havuti sigara, na chupa yake ya maji ina kifuniko kinachoziba mdomo wake, kwa kuwa madini haya hayapiti sana kwenye ngozi bali husafiri kutoka kidoleni kwenda mdomoni. Anavaa glavu. Ukitaka kuyatikisa kwa magunzi, basi iwe nje kabisa, kifuniko kimefungwa, na barakoa ya kuzuia vumbi laini iwe usoni.

Watoto wasiokote. Nimewaona wazazi wakiwapa watoto vikombe wajaze maganda kama mchezo, na moyo wangu hukaza. Kama mke wako ni mjamzito au ananyonyesha, naye asiyaguse, kwa kuwa madini haya humfikia mtoto aliye tumboni, na hupita hata kwenye maziwa.

Mpeleke mdogo wako apimwe. Ni kipimo cha damu kidogo tu. Wetu alishuka hadi 4 baada ya miezi mitano, baada ya kuosha sakafu kwa vitambaa vilivyoloa na kutupa zulia la mlangoni. Daktari alisema yaliyo katika damu hupungua nusu kwa muda wa mwezi hivi, lakini yaliyokwisha kuingia kwenye mifupa hukaa miaka mingi. Hilo ninalo moyoni hadi leo.

Mkalimani wa Mahakamani

Mama Riziki, pole sana. Ninafanya kazi ya ukalimani wa Kiswahili huko Ohio, hospitalini na mahakamani, na niliposoma simu uliyopigiwa nilihisi uzito wake. Mimi husema "madini ya risasi, si risasi ya bunduki" kila mara, hata kama daktari ametamka neno moja tu, na baada ya kusoma habari yako nitawakumbusha wenzangu.

Ndugu wa Mbeya, mimi si wakili, na haya ninayoandika uyapeleke kwa wakili wa uhamiaji kabla shemeji yako hajafika. Sheria ya shirikisho, Kitabu cha 18, kifungu cha 921(a)(17), inapoeleza neno risasi kwa maana ya ile ya bunduki (kwa Kiingereza "ammunition") haisemi risasi kamili peke yake. Inataja risasi kamili, kisha inataja ganda lenyewe, fataki, kichwa na baruti, kimoja kimoja. Kifungu cha 922(g) kinaorodhesha watu wasioruhusiwa kumiliki silaha wala risasi, na miongoni mwao, katika fungu la (5)(B), wamo walioingia Marekani kwa viza zisizo za uhamiaji, ambapo viza ya mwanafunzi ni mojawapo. Zipo nafuu, kwa mfano kwa mwenye leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo, lakini nafuu hizo huwa na masharti, na asiyezijua hawezi kuzitegemea. Adhabu ya juu ya kifungu hicho ilipandishwa kuwa kifungo cha miaka 15 mwaka 2022. Sisemi kwamba kuna askari atakayemkamata kijana kwa sababu ya ganda moja mfukoni. Ninachosema ni kwamba nimekaa katika vyumba ambamo mtu alikuwa anaulizwa na ofisa wa uhamiaji maswali ambayo hakuwahi kuyafikiria, na nisingependa ndoo ya maganda iwe mojawapo ya maswali hayo. Wewe mwenye ukaazi wa kudumu hutajwi katika fungu hilo. Yeye anatajwa. Asiokote, na asipewe.

Vishikio vya funguo navyo aviache. Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha za moto, iliyopitishwa tarehe 31 Mei 2001, inalihesabu ganda kuwa sehemu ya risasi pale ambapo nchi husika inataka kibali kwa ajili yake, na Tanzania na Kenya zote ni wanachama wa itifaki hiyo. Kueleza tofauti ya ganda tupu na risasi hai mbele ya mashine ya ukaguzi wa mizigo, saa nane za usiku, baada ya safari ya siku nzima, si jambo la kumtakia kijana.

Kuhusu mali, Fundi amesema vyema, nami naongeza kesi moja ambayo hufundishwa katika vyuo vya sheria karibu vyote vya Marekani. Mwezi Desemba 1948 Joseph Morissette, mtu wa Michigan aliyeuza matunda kiangazi na kukusanya chuma chakavu majira ya baridi, alikwenda kuwinda paa kwenye eneo ambalo jeshi la anga lilikuwa likifanyia mazoezi ya kudondosha mabomu. Hakupata mnyama. Aliona marundo ya makasha ya mabomu ya mazoezi yaliyokwisha kutumika, yameshika kutu, yametupwa kama taka. Akapakia tani tatu mchana kweupe, akayaponda kwa kuyakanyaga na trekta, akayauza mjini Flint kwa dola 84. Alishtakiwa kwa wizi wa mali ya serikali, akahukumiwa kifungo cha miezi miwili au faini ya dola 200. Alijitetea kwamba aliamini yametelekezwa. Mahakama ya chini ikasema nia yake haihusiani na kosa. Ndipo Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Robert Jackson mwaka 1952, ikaitengua hukumu hiyo, kwa kuwa hakuna wizi bila nia ya kuiba, na nia hiyo lazima ithibitishwe.

Morissette alishinda, lakini ilimchukua zaidi ya miaka mitatu na safari ya hadi mahakama ya juu kabisa ya nchi kwa ajili ya dola 84. Kwa hiyo ukialikwa kwenye uwanja ulio ndani ya kambi ya jeshi, usiweke hata ganda moja mfukoni, maana huko kila kitu kina mwenyewe, hata kinapoonekana kimetupwa.

Msafiri wa Mbeya

Ndugu zangu, nimesoma yote mara mbili, mara ya pili pamoja na mke wangu. Mama Riziki, ndoo ilikuwa jikoni. Nimeitoa jana hiyo hiyo usiku, nimeifunika na kuiweka kwenye kibanda cha nje chenye kufuli, tumeosha sakafu kwa vitambaa vilivyoloa na kuvitupa, na mdogo ana miadi ya kupimwa Jumatano. Viatu vyangu vimehamia kwenye gari. Sina neno la kukushukuru linalotosha.

Nimempigia msimamizi wa klabu. Kanuni ipo, imeandikwa nyuma ya kadi ya uanachama ambayo sikuwahi kuisoma: kila mwanachama achukue ya kwake, na yaliyoachwa hukusanywa na klabu siku ya usafi ya kila mwezi na kuuzwa kwa ajili ya ukarabati. Nimemwambia ukweli kuhusu zile kilo nane, naye amesema nizirudishe, na kwamba nikijitolea siku ya usafi nitaruhusiwa kuchagua ndoo moja ya maganda ya bastola. Shemeji nimemweleza, ameelewa, na tutakwenda naye kuangalia korongo kuu la Grand Canyon badala yake.

Nina swali moja lililobaki. Nilipokuwa nafunika ndoo nje, niliona kati ya maganda risasi moja nzima ya milimita 9, ina kichwa chake, lakini fataki yake ina kishimo cha kugongwa na sindano. Nimeiacha humo humo. Nifanye nini nayo?

Fundi wa Mashine

Vaa glavu, itoe uiweke peke yake kwenye kikopo kidogo mahali pa kivuli, mbali na moto na mbali na watoto. Usijaribu kuing'oa kichwa, usiigonge, usiirudishe kwenye silaha kuijaribu tena, na usiiache garini mchana. Fataki iliyogongwa isiwake haijulikani ina hali gani ndani. Jumamosi ipeleke kwa msimamizi mkononi; viwanja vingi vina chombo maalumu cha risasi zilizokataa, na wao ndio wanaojua zinakwenda wapi. Kisha rudi kwenye ndoo uipekue yote kabla hujairudisha, ganda moja baada ya jingine, ukiangalia midomo, kwa sababu palipo na moja huwa pana ya pili, na muuza chuma chakavu akiona risasi hai moja kwenye mzigo wa klabu ataukataa mzigo wote.

Msafiri wa Mbeya

Mzee, nimepekua yote asubuhi ya leo nje ya kibanda, nikiwa na glavu na barakoa. Zilikuwa tatu. Ziko kwenye kikopo, na msimamizi anazisubiri.